Ule mstari wa taa juu ya uwanja wa ndege sio kimondo: tusome pamoja picha za ndege na nyota za usiku

Kuna picha imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, kwetu iliingia kwenye grupu la ukoo ikiwa na ile alama ya kuforwadiwa mara nyingi. Inaonyesha uwanja wa ndege usiku, anga imejaa nyota kama mtu kamwaga sukari kwenye kitambaa cheusi, na katikati unapita mstari mrefu wa mwanga mweupe, pembeni yake kuna uzi mwekundu na uzi wa kijani, halafu vidoti vimejipanga kama shanga. Chini watu wameandika kila kitu, mmoja anasema kimondo, mwingine chombo cha viumbe wa sayari nyingine, mwingine dalili za mwisho wa dunia, na kijana mmoja akafunga mjadala kwamba hiyo ni AI tu, imetengenezwa na kompyuta, msidanganyike. Baba yangu mdogo, ambaye anakaa Boma Ng'ombe na ndege za KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anaziona kila siku, akanipigia simu kabisa: "Mwanangu, wewe si ndio unakesha nje na makamera, hebu niambie hiki kitu ni nini?"

Ni ndege baba. Ndege ya abiria ya kawaida kabisa, na picha ni ya kweli, hakuna AI. Ila nikagundua jibu la namna hiyo halimsaidii mtu, kwa sababu swali lake la pili lilikuwa la haki kabisa: "Mbona mimi nikitazama ndege usiku sioni mstari?" Ndio nikaamua niandike hii kitu vizuri, maana karibu ubishi wote kuhusu picha za usiku unatokana na jambo moja tu ambalo halisemwi, kwamba kamera haioni kama jicho linavyoona.

Tuanze na maneno mawili matatu. Shata ni kile kilango ndani ya kamera kinachofunguka kuruhusu mwanga uingie halafu kinajifunga. Sensa ni kile kibati nyuma ya lenzi kinachopokea huo mwanga. Mchana shata inafunguka kwa muda mfupi sana, mfano sehemu moja ya 500 ya sekunde, kwa hiyo kila kitu kinaganda, hata ndege inayoruka. Usiku mwanga ni kidogo, basi mpiga picha anaacha shata wazi sekunde 10, 20, 30, wengine dakika kadhaa. Hiyo ndiyo inaitwa picha ya muda mrefu, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Fikiria bomba la mtaani linalotoa maji kwa matone. Jicho lako ni kama mtu anayekinga kiganja, anapata kidogo anakunywa, anakinga tena anakunywa, hakuna siku kiganja kitajaa. Kamera ni ndoo. Unaiweka chini ya bomba lilelile, matone yaleyale, unaondoka, ukirudi imejaa. Maji hayakuongezwa na mtu, yalikuwepo muda wote, ila ndoo iliyatunza na kiganja hakikuyatunza. Mwanga wa nyota ni hayo matone.

Kwenye ndoo yetu kuna vitu vitatu unavyoweza kucheza navyo. Cha kwanza ni muda wa kuacha bomba wazi, hiyo ni shata. Cha pili ni upana wa bomba lenyewe, yaani tundu la lenzi, na hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, f/2 inaingiza mwanga mara nyingi kuliko f/8. Cha tatu ni ISO, na hii wengi wanadhani inaongeza mwanga, hapana, haiongezi hata tone. ISO ni kama kuongeza sauti ya redio inayoshika stesheni ya mbali, unamsikia mtangazaji zaidi lakini na ule mkwaruzo nao unapanda. Kwenye picha mkwaruzo huo ndio tunauita chenga. Kwa hiyo ukiona picha ya usiku imejaa chenga jua mtu alikusanya mwanga kidogo halafu akapandisha sauti sana.

Sasa turudi kwenye mstari. Nadhani wote tuliokulia sehemu ambazo umeme ulikuwa wa mashaka tumechezea kijinga cha moto usiku. Unakitoa jikoni kwa mama, unakizungusha haraka, unaona duara jekundu hewani. Duara halipo, kuna kaa moja tu linalozunguka, ila jicho linachelewa kidogo kusahau. Kamera yenyewe haisahau kabisa mpaka shata ifungwe, kwa hiyo kila mahali taa ilipopita panabaki alama. Ndege inayokaribia kutua inakwenda takriban kilomita 260 kwa saa, yaani mita 72 hivi kila sekunde. Ukiacha shata wazi sekunde 20 itakuwa imesafiri kama kilomita moja na nusu, na zile taa zake zimechora njia nzima. Mwili wa ndege hauonekani kwa sababu haukukaa sehemu moja muda wa kutosha na wala hauwaki. Hilo ndilo linalowatisha watu, "mbona ndege yenyewe haipo?" Ipo, imepita kwenye picha yote, ila haikuacha kitu kwenye ndoo isipokuwa taa.

Na taa za ndege zina utaratibu, hazijawekwa kama za harusi. Bawa la kushoto la rubani lina taa nyekundu, la kulia kijani, mkiani nyeupe. Hiyo ni dunia nzima, iwe Cessna ya watalii au Boeing kubwa, na utaratibu wenyewe umetoka kwa vyombo vya baharini, nahodha yeyote wa Zanzibar anajua nyekundu ni kushoto na kijani ni kulia. Halafu kuna taa nyekundu inayowaka na kuzima juu ya mwili na chini ya tumbo, na taa nyeupe kali sana ncha za mabawa zinazopiga mwako kama flashi, takriban mara moja kila sekunde. Zile shanga kwenye picha ni hizo. Taa nene nyeupe ya katikati ni ya kutua, inafanya kazi kama taa za mbele za gari.

Nilivyoenda kwa baba mdogo tuliikuza ile picha kwenye simu yake tukahesabu shanga pamoja, kidole chake kikisogea polepole juu ya kioo, tulifika 23. Nikamwambia basi aliyepiga aliacha shata wazi kama sekunde 20 na kitu, na kati ya shanga na shanga ndege imetembea kama mita 70. Halafu nikamuonyesha uzi mwekundu uko upande gani na wa kijani uko upande gani, na kutokana na hapo tukajua ndege ilikuwa inakwenda wapi. Alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe imeandikwa yote humu." Ndiyo, imeandikwa yote humu, na hii ndiyo sababu naipenda sana kazi hii.

Basi ukikutana na mstari kwenye picha ya usiku angalia hivi. Una vidoti vya kujirudia na rangi nyekundu au kijani? Ndege. Mstari mmoja laini, mwembamba, hauna vidoti, hauna rangi? Mara nyingi ni satelaiti. Kituo cha anga cha kimataifa kile wanachokaa wanaanga kiko juu takriban kilomita 400, kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kikipita kwenu unakiona kama nyota kubwa inayotembea kimyakimya bila kupepesa. Kimondo kina umbo lake, huanza kwembamba, kinanenepa, kinaisha kwembamba, mara nyingi kina ukijani, na kinapita kufumba na kufumbua kwa sababu ni mawe ya angani yanayoingia kwenye hewa yetu kwa mwendo wa kilomita 11 mpaka 72 kwa sekunde moja. Sekunde moja, sio saa. Mengi ni madogo kama punje ya mchanga, usidhani kila kinachong'aa ni kile cha Mbozi chenye tani zaidi ya 10.

Kuna vitu viwili vinachanganya hata wale waliozoea. Cha kwanza ni zile taa zinazoandamana mstari mmoja kama siafu, watu wakiziona simu zinaanza kulia nchi nzima. Hizo ni satelaiti za intaneti za Starlink zikiwa zimetoka kurushwa, kundi la kwanza la satelaiti 60 lilirushwa Mei 2019, na kila zinaporushwa mpya zinapita zimefuatana siku chache kabla hazijapanda juu na kutawanyika. Utaziona muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, wakati huku chini ni giza lakini kule juu jua bado linazimulika. Cha pili ni nyota isiyosogea. Ukiwa umekaa kwenye mstari wa njia ya kutua, ndege inayokuja moja kwa moja upande wako haiendi kushoto wala kulia, taa yake inakaa palepale dakika kadhaa ikizidi kung'aa, na mtu anaapa kabisa ni nyota mpya. Kinyume chake pia kipo, watu wanaona Zuhura jioni upande wa magharibi wanasema mbona hiyo ndege haitui. Subiri dakika tano tu, kimoja kitajifichua.

Hiyo ni upande wa ndege. Nyota nazo zinachora, na hapa kwetu zinachora tofauti na kwenye picha nyingi tunazoziona mtandaoni.

Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa, digrii moja kila dakika nne. Hatuhisi chochote lakini kamera inahisi. Ukiacha shata wazi muda mfupi nyota ni doti, ukizidisha zinaanza kuwa vijistari. Wapiga picha wana hesabu ya kukadiria, chukua 500 gawanya kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi yako, unapata sekunde za mwisho kabla nyota hazijavutika. Lenzi pana ya milimita 20 inakupa sekunde 25, ya milimita 50 inakupa 10 tu, na kama kamera yako ina sensa ndogo, kama nyingi za bei ya kati, punguza tena, gawanya kwa moja na nusu. Sio sheria ya msahafu ila kwa kuanzia inatosha kabisa.

Wengine wanataka hiyo mistari makusudi, wanaacha kamera saa nzima au wanapiga picha mia wanaziunganisha. Sasa kijana wa Arusha anaona picha ya Ulaya, nyota zote zimezunguka duara kamili kuizunguka Nyota ya Kaskazini, anaenda kujaribu, anapata mistari iliyonyooka kama mvua, anadhani kamera mbovu. Kamera ni nzima kaka. Zile duara zinazunguka ncha ya anga, yaani ile nukta ya angani inayoelekewa na ncha ya dunia, na ncha hiyo inakaa juu ya upeo, pale anga linapokutana na ardhi, kwa digrii zilezile ulizo mbali na ikweta. London iko digrii 51 kaskazini kwa hiyo ncha yao iko juu kabisa wanaiona. KIA iko kama digrii tatu na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko digrii tatu na nusu tu juu ya upeo, yaani nyuma ya migomba, na ya kaskazini iko chini ya ardhi kabisa, Nyota ya Kaskazini hatuioni. Dar es Salaam hivyohivyo, ncha ya kusini digrii saba hivi. Kule Nanyuki kwenye ikweta yenyewe ncha zote mbili zimelala chini kwenye upeo.

Kwa hiyo picha yetu inakuwaje? Ukitazama mashariki nyota zinapanda karibu wima, mistari imesimama. Ukigeukia kaskazini inajipinda kama upinde uliosimama juu ya ardhi, nusu duara, na kusini unapata nusu duara nyingine kama hiyo. Ukitumia lenzi pana sana ukaelekea mashariki unapata vyote kwenye fremu moja, katikati imenyooka na pembeni zimepeana mgongo. Mtu wa Ulaya nyumbani kwake anaipata imelala upande, hawezi kuipata imesimama wima hivi mpaka apande ndege aje huku, na sisi tunaifuta tukidhani tumekosea. Inaniuma kweli.

Tuje kwenye shutuma kubwa kuliko zote, "hizo rangi wameongeza". Ile picha ya Njia Nyeupe, lile wingu la nyota linalokatiza anga, na chini kuna ndege ndogo imeegeshwa kwenye kiwanja cha vumbi. Mtu anatoka nje anaangalia juu haoni hivyo, anahitimisha ni uongo. Sababu ni mbili. Kwanza macho yetu gizani yanatumia sehemu ambayo haishughuliki na rangi, ndio maana usiku kanga nyekundu na ya kijani zinafanana. Kamera haina shida hiyo, rangi inaiona mchana na usiku, ipe muda tu. Pili, macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukichungulia simu mara moja tu umeanza upya. Wapiga picha tunatumia tochi nyekundu kwa sababu hiyo.

Halafu kuna suala la mwezi. Wavuvi wa dagaa kule Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa, usiku wa mbalamwezi taa zao hazivuti dagaa, wanangoja giza. Njia Nyeupe ni vilevile, mwezi mpevu ukiwa juu usijisumbue. Sehemu yake nene na yenye mwanga, upande wa kundinyota la Nge, inapanda juu ya vichwa vyetu usiku wa Juni mpaka Agosti, tena kwetu inapita juu kabisa wakati Ulaya ya kaskazini inaburuzika chini kwenye upeo. Ila kama uko pande za Kilimanjaro unajua miezi hiyo mawingu yanavyotanda, inabidi subira.

Na kuongeza mwanga na rangi kwenye kompyuta kupo, sikatai. Karibu kila picha ya usiku imesafishwa kidogo, chenga zimepunguzwa, giza limekolezwa. Kwangu hiyo haina tatizo, ni kama kupiga pasi shati lako mwenyewe. Tatizo ni kuvaa shati la mwingine ukasema ni lako, na hapa nataka tuwe makini.

Kupata ndege na nyota kwenye picha moja ni kazi ngumu. Ndege iliyoegeshwa chini ya taa za uwanja inang'aa mara maelfu kuliko nyota. Ukiacha shata wazi nyota zitoke, ndege inaungua yote nyeupe. Ukiifupisha ndege itoke vizuri, anga ni jeusi tii. Ndio maana kwenye picha za wanaanga waliotembea mwezini hakuna nyota, na watu wamejenga hadithi nzima ya uongo juu ya jambo hilo, kumbe ni shata fupi tu kwa sababu ardhi ya mwezi ilikuwa imemulikwa na jua. Kwa hiyo wapiga picha wengi wanapiga mbili, moja ya ndege na moja ya anga, bila kusogeza stendi, kisha wanaunganisha. Ni halali, mradi useme. Ambaye hataki kuunganisha anatumia ule muda mfupi baada ya jua kuzama, anga ni buluu nzito na taa zimeshawashwa, mwanga wa juu na wa chini unakaribiana. Huku kwetu muda huo ni mfupi mno, giza linaanguka haraka, una kama dakika 20 tu, chelewa kidogo umeukosa.

Uongo unaonekana zaidi kwenye picha za ndege na mwezi, na hesabu yake ni nyepesi. Mwezi angani una upana wa nusu digrii. Nyoosha mkono, kidole chako kidogo kinafunika kama digrii moja, yaani miezi miwili. Dreamliner kama za Air Tanzania, zile Boeing 787-8, zina mita 60 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa. Ili ilingane na upana wa mwezi lazima iwe mbali na wewe kama kilomita saba. Inawezekana kabisa, na lenzi ndefu ya kuvuta unapata picha ya kusisimua, mwezi mkubwa na ndege imo ndani yake. Lakini ikipita juu kwenye mwendo wake wa safari inaukata mwezi kwa chini ya nusu sekunde, kwa hiyo aliyeipata alijipanga kweli. Sasa ukiona ndege inatua hapo karibu, magurudumu yako nje unasoma mpaka maandishi ubavuni, na mwezi nyuma umeizidi ndege mara mbili, tena una mashimo yake yote na Njia Nyeupe ipo pembeni, hapo zimebandikwa. Mwezi unapigwa kwa shata kama sehemu moja ya 250 ya sekunde na Njia Nyeupe kwa sekunde 20, havikai kwenye pigo moja.

Na hapana, sio lazima kamera ya mamilioni. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya usiku au ya Pro inayokuruhusu kuweka sekunde mwenyewe. Google walipotoa Pixel 4 mwaka 2019 waliweka uwezo wa kupiga nyota kwa dakika nne, ila ndani yake simu haiachi shata dakika nne mfululizo, inapiga vipande vya sekunde 16 hivi halafu inavipanga juu ya kila kimoja ili nyota zibaki doti. Unachohitaji zaidi ni kitu cha kuishikilia. Mikono inatetemeka, hata ya fundi saa. Stendi ya bei nafuu, au mfuko wa mchele juu ya ukuta, weka saa ya kuchelewesha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise, umemaliza. Na zima flashi, inafika mita chache tu mbele yako, ndege iko kilomita mbili, unachomulika ni vumbi na mbu.

Limebaki la sheria, ambalo ndilo linatia watu hofu, na wana haki. Mwaka 2001 mwezi Novemba kundi la wapenda ndege, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Kalamata kule Ugiriki baada ya kwenda kwenye maonyesho ya kambi ya jeshi la anga. Wao walikuwa wanaandika namba za ndege kama wengine wanavyokusanya stempu, polisi wakaona ni majasusi. Walikaa ndani wiki kadhaa, Aprili 2002 wakatiwa hatiani, na ni mpaka rufaa ya Novemba mwaka huo ndio wakafutiwa. Wakati huohuo Manchester, Uingereza, kuna bustani kabisa pembeni ya njia ya kurukia, watu wanalipia maegesho wanakaa na watoto wanapiga picha. Kitendo kilekile, nchi mbili.

Kwetu chukulia kwamba uwanja wa ndege ni eneo nyeti mpaka uambiwe vinginevyo. Ukiona bango la kukataza, usibishane nalo. Kama kuna jeshi pembeni, ondoka kabisa, usipige hata mti. Ndani ya uwanja, kwenye ukaguzi, kwenye mageti, kwa askari, weka simu mfukoni. Ukitaka kupiga karibu na uzio nenda ofisini mchana, jieleze, omba ruhusa, ikiwezekana ya maandishi, kwa sababu mlinzi wa usiku akikuona gizani na kitu kirefu juu ya miguu mitatu hana namna ya kujua ni lenzi. Droni usirushe karibu na uwanja wowote, hiyo ina vibali vyake na inaweza kuua watu. Na zile tochi za leza za kijani wanazouza barabarani, nawasihi sana, msizielekeze angani kwenye ndege hata kwa mchezo. Kile kidoti kidogo unachokiona ukutani kinatanuka kikisafiri mbali, kikifika kwenye kioo cha rubani kinajaza kioo kizima, tena wakati anaitafuta njia ya kutua.

Kuna kiwanja kimoja kidogo cha vumbi, siwezi kukitaja, mwenyewe aliniruhusu kwa masharti, nilikaa usiku mmoja wa Desemba na mlinzi wa pale, mzee wa makamo. Cessna Caravan moja imeegeshwa, hakuna taa hata moja, viwanja kama hivi jua likizama vimefungwa. Tuliweka kamera chini karibu na gurudumu la mbele. Upande wa mashariki, juu ya bawa, mzee akanionyesha kijikundi cha nyota akasema, "Kile Kilimia, unakijua?" Nikamwambia nakijua kwa methali tu, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Akaniambia babu yake alikuwa haanzi kulima bila kukitazama, halafu akahesabu kwa kidole, moja, mbili, mpaka sita. Mimi nikapata sita pia. Nikabonyeza, tukangoja sekunde 15 tumesimama kimya asiguse mtu stendi, picha ikatokea, nikaikuza palepale juu ya bawa. Alivaa miwani yake akaanza kuhesabu upya, alifika thelathini na kitu akapotea, akarudi mwanzo.